Jipu hupasuliwa pale lilipo

SEHEMU YA 1: Nesi na siasa, wapi na wapi?

 

Wiki hii sitoandika juu ya manjano ya kichanga wala namna ya kumshika mtoto anyonye vizuri. Hayo yatarudi, inshallah. Kuna suali naulizwa kila siku, kliniki na mitaani: "Nesi, hivi haya mataifa ya nje yakimbana rais aliyeng'ang'ania kiti miaka na miaka, wakimwekea vikwazo, ni haki au ni uonevu?"

Kila likiulizwa, watu wanagawanyika pande mbili. Upande wa kwanza husema, "Mwacheni mzee wa watu, amani kwanza." Upande wa pili husema, "Fungeni kila kitu, akose hata chumvi, ataondoka mwenyewe."

Mie siko upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu zote mbili zimemsahau mtu yule yule: mama aliyelala wodini na kichanga chake kifuani.

Msimamo wangu ni huu. Jipu hupasuliwa pale lilipo. Ukiliacha kwa kumwonea huruma mgonjwa, usaha unaingia kwenye damu na mgonjwa anakufa. Lakini jipu la paja halikufanyi ukate mguu mzima. Dikteta abanwe, tena abanwe mapema. Abanwe yeye: pesa zake, safari zake, jamaa zake wanaokula naye. Asibanwe mama kwa niaba yake.

Kuna atakayesema nesi akae na sindano zake, siasa awaachie wenyewe. Bibi wee! Glavu za kumzalishia mama ni siasa. Friji ya chanjo ni siasa. Mshahara wa mkunga ni siasa. Mtu anayekaa madarakani miaka thalathini ndiye anayeamua kama kituo chenu kitakuwa na maji ya bomba au ndoo. Kwa hiyo leo nitasema.

SEHEMU YA 2: Msidhani haya ni mambo ya mbali

Kabla sijaenda Kongo na Burundi, tuanze hapa hapa Mtoni.

Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unapanda nchi kavu Ras Fumba, unakuja mpaka kituo kikubwa cha hapa kwetu Mtoni, ndipo unagawiwa Unguja. Walio wakubwa wanakumbuka Mei 2008, waya ulipoharibika tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Hatujapumua, Disemba 2009 kiza kikarudi, safari hii miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Maji hayapandi kwa sababu pampu hazina umeme. Samaki wanaoza. Kazi zinalala. Wenye jenereta wanaunguruma, wasio nayo wanawasha kibatari.

Mtafiti mmoja, Alfredo Burlando, alichukua kumbukumbu za uzazi za hospitali kubwa ya hapa Unguja, akapima uzito wa watoto waliozaliwa baada ya kiza kile cha 2008. Akakuta uzito umeshuka kwa watoto ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati ule. Mnaelewa maana yake? Waya umekatika baharini, mtoto aliye tumboni amepungua. Kipato cha nyumba kilianguka, sahani ya mama ikapungua, na mtoto akalipa kabla hajazaliwa.

Waya mpya wa megawati 100 uliokuja kutuokoa, uliozinduliwa 2013, ulilazwa kwa pesa za shirika la serikali ya Marekani liitwalo MCC. Halafu uchaguzi wa hapa Zanzibar wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na mwezi huo huo MCC wakasitisha mpango wao wa pili kwa Tanzania, wa dola milioni 472. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni uchaguzi huo wa Zanzibar. Na hiyo si mara ya kwanza. Baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili kadhaa walisitisha misaada yao kwa Zanzibar, na misaada ile ikakaa miaka bila kurudi.

Sisemi Zanzibar ni Zaire ya Mobutu, msinilishe maneno. Nasema hivi: hapa kisiwani tunajua kwa mwili kwamba wakubwa wakigombana na wakubwa wa nje, ugomvi huo una njia ya kufika jikoni. Ndiyo maana suali la dikteta kubanwa si la watu wa redioni peke yao. Ni letu.

SEHEMU YA 3: Kwa wanaosema "mwacheni mzee"

Nyie ndio nianze nanyi, maana ndio wengi, na maneno yenu yanasikika kama ya busara.

Mobutu alichukua nchi Novemba 1965, akaiachia Mei 1997. Miaka 32 kasoro. Muda wote huo walikuwepo waliosema: mwacheni, bila yeye nchi itapasuka. Basi aliachwa. Tuangalie kuachwa kwake kulileta amani gani.

Kijijini kwao Gbadolite, katikati ya msitu, alijenga makasri na uwanja wa ndege mrefu wa kuweza kupokea Concorde, ile ndege iliyokuwa ikiruka kasi kuliko sauti. Alikuwa akiikodi.

Sasa twende wodini. Mwaka 1976 ugonjwa wa Ebola ulionekana kwa mara ya kwanza nchini humo, katika hospitali ya misheni ya Yambuku. Kila asubuhi wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano. Tano, kwa wagonjwa wote wa siku nzima, pamoja na akina mama waja wazito waliokuja kliniki. Ikitumika kwa huyu, inasuuzwa, anachomwa yule. Walikufa watu 280 katika 318 walioambukizwa.

Mtu mwenye nchi angepata somo, si ndio? Tusogee miaka 19 mbele, 1995, mji wa Kikwit. Rais ni yule yule. Ebola ikaingia hospitali kuu ya mji, na hospitali hiyo haina glavu za kutosha, haina maji ya uhakika. Waliougua 315, waliokufa takriban 250. Wahudumu wa afya peke yao walioambukizwa walikuwa 80: wauguzi, madaktari, watu wa maabara. Masista wa Kitaliano sita walikufa mmoja baada ya mwengine kwa kuwahudumia wagonjwa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na kila nesi atanielewa. Glavu, barakoa na aproni zilipoletwa kutoka nje, na watu wakafundishwa kuzivaa, maambukizo kwa wahudumu yalikaribia kusimama kabisa. Kumbe dawa ilikuwa mpira wa mkononi! Nchi yenye shaba, almasi na kobalti ilikuwa inawakosesha wauguzi wake glavu.

Hiyo ndiyo amani ya kumwacha mzee. Watu wanakufa kimya kimya, hawapigwi risasi, kwa hiyo hakuna anayeita vita. Mama akifa kwa kutoka damu baada ya kujifungua kwa kuwa hakuna dripu wala damu ya akiba, inaandikwa "kudura ya Mungu". Kudura ipo, nami naiamini. Lakini mwizi asijifiche nyuma ya kudura.

Tena hata risasi zilikuja. Wanajeshi wake wasiolipwa walipora miji mwaka 1991, wakarudia 1993. Mwishoni mwa 1996 vita vikaanzia mashariki, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili, na mpaka leo huko hakujatulia. Usaha ulishaingia kwenye damu.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi, Burundi. Aprili 2015 Rais Nkurunziza alitangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakakimbia kwa makumi ya maelfu, wengine wakavuka mpaka ufukwe mdogo wa Kagunga, mkoa wa Kigoma. Kijiji kidogo, milima nyuma, ziwa mbele, hakuna vyoo wala maji safi ya kuwatosha. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Walioumwa walipindukia 3,000, wakafa wapatao 30, wakiwemo Watanzania. Kwa hiyo ukisema "mambo ya watu yawacheni", jua kwamba mambo ya watu yana miguu. Yanavuka ziwa na mtoto mgongoni.

SEHEMU YA 4: Wanaombana ndio waliomlisha

Sasa sitaki mtu aruke kwa furaha akidhani namsifu mzungu. Subiri.

Mobutu hakukaa miaka yote ile kwa nguvu zake. Marekani, Ubelgiji na Ufaransa walimbeba, kwa kuwa wakati wa vita baridi alikuwa mtu wao. Mwaka 1989 ndiye rais wa kwanza wa Afrika kualikwa Washington na George Bush mkubwa. Pesa zilizoletwa kwa jina la wananchi zilipotea njiani, na walioleta walijua.

Vita baridi vilipoisha wakamwona ananuka. Mei 1990 wanafunzi waliuawa chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ikakata misaada. Mwaka 1993 mataifa hayo matatu yakaanza kumnyima viza. Vizuri! Hapo ndipo jipu lenyewe lilipo. Lakini walishikilia? Novemba 1994 Ufaransa ikamwalika mkutanoni Biarritz, akapiga picha na wenzake kama hakuna kitu. Agosti 1996 alipougua saratani ya tezi dume, alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kisha akapumzika kwenye jumba lake kusini mwa Ufaransa.

Mie kazi yangu ni kuuguza, simkatai mgonjwa yeyote, hata awe nani. Ila nauliza. Mtu amewanyima glavu watu wa Kikwit, mwaka unaofuata yeye anapasuliwa kwenye hospitali bora ya Ulaya. Wale waliompokea walishindwa kumwambia, "Mzee, tutakutibu, na akaunti zako tunazishika leo"? Walishindwa nini?

Mwishowe, Mei 1997, waasi wako mlangoni mwa Kinshasa, Nelson Mandela anamkalisha ndani ya meli ya kivita huko Pointe-Noire amwombe aondoke kwa salama. Hapo tena kulikuwa na la kuombwa? Alikimbia tarehe 16 Mei, akafia Rabat Septemba mwaka huo huo. Hakukabidhi nchi kwa mtu. Aliiangusha chini.

Basi msukumo wa nje unaokuja mwaka wa 32 si dawa. Ni sawa na kumleta mama hospitali siku ya tatu ya uchungu, mtoto kashachoka, halafu mkunga alaumiwe.

SEHEMU YA 5: Kwa wanaosema "fungeni kila kitu"

Haya, na nyie wa upande wa pili, msicheke, zamu yenu imefika.

Safari hii waliobana si wazungu, ni sisi wenyewe. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua Burundi kwa mapinduzi, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 1987. Hakuwa amekaa miaka thalathini, lakini mtu anayerudi kwenye kiti kwa bunduki keshaonesha nia yake. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi za jirani wakakutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa ndiye msuluhishi wa mgogoro, wakaifungia Burundi. Mipaka, mizigo, mafuta, ndege. Burundi haina bahari. Bidhaa zake nyingi zilikuwa zikipita bandari ya Dar es Salaam na Kigoma. Ukifunga hapo umemshika mtu koo.

Nia ilikuwa njema, hilo siwezi kuwanyima. Na matokeo mengine mazuri yalipatikana: haikupita miezi miwili Buyoya akarudisha bunge na kuviruhusu vyama. Shinikizo hufanya kazi, msidanganywe.

Lakini nani aliumia? Bei zikaruka. Mafuta yakawa adimu, na gari la kumchukua mama mwenye uchungu halitembei kwa dua. Mwenye cheo na mfanyabiashara mwenye jamaa jeshini walipitisha magendo wakatajirika zaidi kuliko kabla. Vikwazo vikawa duka lao. Mkulima wa kilimani hana jamaa jeshini, yeye alinunua chumvi kwa bei ya magendo. Ikabidi wakubwa wakae tena na tena kulegeza kamba, mpaka Aprili 1997 wakakubaliana kuruhusu vyakula, dawa na vifaa vya skuli.

Simama hapo kidogo. Dawa na vifaa vya skuli vinaingiaje kwenye orodha ya vitu vya kujadiliwa? Nani alikaa Arusha akadhani kifungo cha mtoto wa Gitega kukosa daftari kitamfanya meja aamke usiku?

Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha Agosti 2000. Buyoya aliondoka madarakani 2003. Hesabuni wenyewe miaka, halafu mfikirie ni mimba ngapi zilipita katikati.

Mtu akikwambia "wananchi wakiumia watamwangusha", mwambie mama mwenye njaa haangushi serikali. Mama mwenye njaa anapanga foleni. Asubuhi yake yote imeishia kwenye foleni, jioni yake yote kwenye kuni. Ukimbana raia ili ambane mtawala, umempa mtawala msaidizi wa bure.

SEHEMU YA 6: Kisu kikitua mahali pake

Kwa hiyo kuna njia? Ipo, na imeshafanyika hapa hapa Afrika.

Gambia, nchi ndogo, karibu yote imezungukwa na Senegal. Yahya Jammeh alitawala miaka 22. Wauguzi tunamkumbuka kwa jambo moja: Januari 2007 alitangaza kuwa anatibu UKIMWI kwa mitishamba, na wagonjwa waliopelekwa kwake wakaambiwa waache dawa zao za kufubaza virusi. Wapo waliokufa. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa alipohoji, akafukuzwa nchini.

Disemba 2016 alishindwa uchaguzi na Adama Barrow. Akakubali, wiki moja baadaye akageuka. Hapo majirani wa Afrika Magharibi, jumuiya yao ya ECOWAS, walisema neno moja kwa sauti moja: ondoka. Hawakufunga dawa, hawakuhesabu magunia ya mchele ya mama wa Banjul. Barrow akaapishwa Dakar, ndani ya ubalozi wa nchi yake, tarehe 19 Januari 2017. Majeshi ya jirani yakasogea. Tarehe 21 Jammeh akapanda ndege. Baadaye Marekani ikazizuia mali zake, na jumba lake la kifahari katika jimbo la Maryland likachukuliwa kwa amri ya mahakama.

Haikuwa bure. Maelfu walivuka kwenda Senegal kwa hofu, wengi wao watoto, na jeshi kukaa mpakani si mchezo. Lakini lilikuwa suala la wiki, si la miaka, na aliyebanwa ni aliyestahili kubanwa.

Sasa linganisha na sisi Afrika Mashariki. Burundi 2015, Nkurunziza kang'ang'ania, Jumuiya yetu ikamteua nani awe msuluhishi? Rais Museveni. Mtu aliye madarakani tangu Januari 1986, ambaye nchi yake iliondoa ukomo wa mihula 2005, na mwaka 2017 ikaondoa na ukomo wa umri. Amwambie mwenzake nini jamani? "Mihula mitatu ni mingi"? Mwanamke aliyezaliwa Kampala mwaka ule wa 1986 leo anaweza kuwa ana mjukuu.

Ulaya iliwawekea vikwazo Warundi wanne kwa majina, na 2016 ikasitisha misaada iliyokuwa ikipita moja kwa moja mikononi mwa serikali. Umoja wa Afrika ukasema utapeleka wanajeshi 5,000, viongozi walipokutana wakarudi nyuma. Nkurunziza akakaa mpaka alipofariki Juni 2020, muda aliojiongezea ukiwa unaishia.

Kuna watakaosema, "Unaona? Kuwabana watu kwa majina hakusaidii." Hapana. Unapopasua jipu, msaidizi anamshika mgonjwa asifurukute. Ulaya ilishika kisu, majirani wakaachia mikono. Kisu peke yake hakitoshi. Majirani ndio wenye mipaka, wenye mabenki ambamo pesa zinapita, wenye hospitali na skuli wanakopelekwa watoto wa wakubwa. Jirani akinyamaza, wa mbali atapiga kelele mpaka akauke koo.

SEHEMU YA 7: Na sie akina mama?

Msukumo wa nje una mahali pake, lakini haujawahi kuanza wenyewe. Daima kuna mtu wa ndani aliyeanza kusukuma.

Kenya, Novemba 1991, wafadhili walikutana Paris wakasitisha misaada mipya kwa miezi sita. Haukupita mwezi mmoja Rais Moi akakubali kifungu cha chama kimoja, kile cha 2A, kifutwe kwenye katiba. Watu wakaimba sifa za wafadhili. Lakini miaka yote kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamefungwa, wameteswa, wameandamana. Wafadhili walifika mwisho wa foleni.

Na Februari 1992 ikaja habari ambayo kila mama aijue. Akina mama watu wazima, wengi wa shamba, ambao watoto wao wa kiume walikuwa wafungwa wa kisiasa, walikwenda kukaa bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai. Wakagoma kula. Walikuwa na dai moja: tupeni watoto wetu. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao. Wenye asili zao wanajua mama mtu mzima akikuvulia nguo amekutamkia nini. Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Wakahamia kanisani, All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima. Na watoto wao karibu wote wakatolewa.

Hawakuwa na benki ya kufunga akaunti za mtu. Walijua tu jipu liko wapi, wakakaa mbele yake.

Moi mwenyewe aliondoka Disemba 2002, baada ya miaka 24, kwa sababu katiba ilikuwa imeshawekwa kikomo na kikashikiliwa. Kikomo hicho ndiyo chanjo, mama zangu. Chanjo inachomwa mtoto akiwa mzima, haichomwi akishaugua. Mkisikia popote watu wanajadili "kumwongezea mzee muda kidogo, kazi yake haijaisha", hapo ndipo pa kusema. Mkingoja mwaka wa thalathini, mtakaosaidiwa na wa nje mtasaidiwa kwa bei yao.

Namaliza kwa mambo manne ya kumpimia kila anayetangaza vikwazo, awe Brussels, Washington, Addis Ababa au Arusha.

Moja, nani ataumia kwanza? Kama jibu ni mgonjwa, mjamzito au mwanafunzi, hicho si kikwazo kwa dikteta. Ni adhabu kwa aliyeonewa.

Mbili, pesa yake iko wapi? Anayesema anamchukia dikteta huku benki za nchi yake zinamtunzia akiba, huyo anauza maneno.

Tatu, dawa, chanjo, chakula cha watoto na vifaa vya uzazi vimeachwa nje tangu siku ya kwanza? Visiwe vya kuombewa ruhusa baada ya miezi minane.

Nne, majirani wamo? Kama hawamo, tuwaulize wetu kwa nini.

Na wewe unayesema "amani kwanza", nami naitaka amani. Ila wodi isiyo na glavu haina amani, ina ukimya tu. Tusivichanganye hivyo viwili.

Anayetaka kubishana nami karibu, ila abishane kwa adabu na aje na hoja. Wiki ijayo turudi kwenye manjano ya vichanga. Nanyi wa wiki sita, kadi ya kliniki msiiache nyumbani.